Droni ya Nyuma ya Jiko

Kabuchai, 12 Mei 2025

Kwa Gathogo, fundi wa Kitale,

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni yule msichana wa siku ya wakulima pale Mabanga, mwenye alikuuliza maswali mpaka ukasema siku utaanza kuuza majibu utakuwa tajiri na mimi peke yangu. Naitwa Nakhumicha. Ulikuwa na meza ya kutengeneza simu na droni, ukasema nikikwama nikutafute. Sasa nimekwama.

Nakuandikia kwa karatasi juu laini yangu ya simu niliitoa nikaivunja na meno. Sababu ni zangu. Simu iko, laini hakuna. Kwa hivyo kidude nimekifunga kwa katoni pamoja na hii barua, nikapea watu wa vifurushi hapa stage ya Chwele. Na wewe jibu kwa katoni hiyo hiyo.

Shida ni hii. Hii droni ndogo nilinunua Bungoma town, ya plastiki, kwa box wameandika ati kamera yake ni kali sana. Siku ya kwanza iliruka poa. Ikaanguka kwa matope, nikatoa propela zote nikaziosha na sabuni, nikarudisha. Tangu hapo nikiwasha inapinduka pale pale chini kama kuku amekatwa shingo. Nimechaji, nimezima, nimewasha, nimeiombea. Nimeangalia mafundisho kwa simu ya Judy, huyu jirani yetu, mpaka akaanza kunificha bundles.

Pia nataka kujua kitu moja. Hii kamera inaweza shika uso wa mtu kutoka mbali, watu wote wakajua ni yeye?

Jibu haraka. Mimi kungoja sikuzaliwa nayo.

Nakhumicha


Kitale, 17 Mei 2025

Niaje Nakhumicha,

Nakukumbuka bana. Yule mwalimu wa droni ya kunyunyiza dawa alikuona unakuja akaenda kutafuta chai.

Droni yako haina ugonjwa. Angalia propela karibu na katikati, kila moja iko na herufi ndogo, A ama B. Za A zinazunguka upande huu, za B upande ule. Wewe umeziosha pamoja kama vijiko ukarudisha ovyo, sasa upande mmoja unasukuma juu, mwingine unasukuma chini. Si lazima ipinduke? Ya A inakaa kwa mkono wenye A, basi. Nimezipanga, na nimekuwekea zingine za akiba. Moja ilikuwa na ufa, nimeitupa. Usiwahi rusha na propela ya ufa, inaweza kuachana ikiwa juu.

Kabla haijaruka, iweke mahali pako sawa kabisa, kama juu ya meza, halafu vuta zile stiki mbili za rimoti kwa pembe ya chini mpaka taa zipepese. Hapo inajifunza usawa ni gani. Ukiifunzia kwa mteremko, itaenda maisha yake yote ikiinama.

Kuhusu kamera: hiyo haiwezi tofautisha ng'ombe na mchungaji wa kanisa. Uso wa mtu ni wa nini?

Gathogo


Kabuchai, 30 Mei 2025

Gathogo,

Imeruka. Nilipiga nduru mpaka Judy akakuja na fimbo akidhani ni nyoka.

Lakini hii kitu ni mtumwa wa upepo. Asubuhi inanitii. Ikifika saa za mchana, upepo ukishuka kutoka upande wa Elgon, mimi navuta kulia na yeye anaenda zake. Iliniacha nikiona hivi, ikavuka barabara, ikaingia kwa miwa. Niliitafuta huko ndani mpaka majani ya miwa yakanichora mikono yote. Kurudi nyumbani mama ananiangalia kwa dirisha. Siku hizi hatoki.

Nimechoka na mchezo wa watoto. Nataka droni ya ukweli, ya mtu anaanza lakini hataki kubaki hapo kwa kuanza. Niambie ninunue gani. Nimesoma maneno mengi mpaka yamechanganyika kichwani. Ni ya kuangalia miwa ya mjomba wangu Wepukhulu, ajue ni wapi imekauka.

Ikae hewani bila kutikisika. Isiwe na kelele mingi. Na ile mambo ya uso, usisahau.

Nakhumicha


Kitale, 4 Juni 2025

Nakhumicha,

Sikiza kwa makini. Kwanza usinunue box, watu wengi wananunua box. Wanaona namba kubwa za kamera wanafungua pochi, kumbe kamera imegundishwa kwa tumbo ya droni kama stika, kila kitu ikitetemeka picha inatetemeka. Wewe unataka ile yenye kamera inaning'inia kwa kashikilio kake kenye mota, droni ikiyumba kamera inatulia.

Pili lazima iwe na GPS. Ile yako haina, ndiyo maana haijui iko wapi, upepo ukiisukuma inadhani ni safari. Yenye GPS ukiachilia stiki inasimama hapo hewani yenyewe inakungoja. Mtu anaanza anahitaji hiyo kuliko kamera. Tatu, uzito. Nyepesi kabisa, ya kushikwa na mkono mmoja, isije ikaumiza mtu. Na betri ya akiba, juu moja inaisha ukiwa bado unatafuta angle. Kuna kibali cha serikali pia, usijifanye hujasikia.

Iko moja hapa ya mkono wa pili. Mwenyewe ni Kipchirchir, daktari wa mifugo, alikuwa anatafutia watu ng'ombe wamepotea. Anauza juu bibi yake amesema achague kati yake na hiyo kelele. Nimeifungua, ni safi ndani.

Lakini sitaituma bado. Miwa haina uso, Nakhumicha. Ni nani unataka kushika?

Gathogo


Kabuchai, 11 Juni 2025

Gathogo,

Sawa. Umetaka, chukua.

Mwezi wa nne tulizika Kukhu wangu, mama yake na mama. Kuna jamaa wa huku anaitwa Sifuna, anapiga video za harusi na matanga na droni yake, tisheti imeandikwa jina lake kubwa mgongoni. Mjomba ndiye alimwita. Jeneza likishushwa kwa kaburi, Sifuna akataka picha ya karibu. Akaleta hiyo droni chini, chini kabisa, vumbi ikapanda, kofia zikaruka. Mama alikuwa amepiga magoti hapo kando analia. Upepo wa hiyo kitu ukashika rinda yake ukaitupa mpaka kichwani. Akainuka kuikimbia, hakuona, akaanguka. Na ndani alikuwa amevaa gaguro ya kushona na mfuko wa unga, maandishi yakiwa bado. Watu wote wa ukoo wamesimama hapo.

Hiyo peke yake tungezika pamoja na Kukhu. Lakini Sifuna alienda akaikata, akaweka muziki ya kuchekesha, akaandika ati Mama Sarakasi. Iliingia kila simu ya Bungoma. Watu sijui wakapata namba yangu, wananipigia wananisomea yale maandishi ya unga. Ndiyo nikavunja laini. Mama ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo kanisani, yeye anaanza wengine wanafuata. Hajakanyaga huko tangu hiyo siku. Hata sokoni haendi. Anaamka, anakaa.

Nilienda kwa Sifuna na miguu yangu nikamwomba aitoe. Alikuwa anakula mahindi choma. Aliniambia, "Mwambie mamako anishukuru. Sasa ni staa."

Basi. Nataka nimshike siku yake mbaya. Kila mtu ako na moja. Nataka nikuwe hapo juu nikimngoja, nishike uso wake wote, nimwekee muziki. Nimeuza mtamba mwenye Kukhu aliniachia, hakuna kitu ingine nilikuwa nayo. Kwa hivyo usiniletee mahubiri. Leta droni.

Nakhumicha


Kitale, 20 Juni 2025

Nakhumicha,

Iko ndani, na betri zake mbili. Nimefunga na matambara.

Usiiwashe karibu na mabati ama tanki ya chuma, inachanganya dira yake. Ukiambiwa uipange dira, ishike uizungushe polepole kama mtu anakoroga, mbali na vyuma, na utoe simu kwa mfuko.

Pole kwa mama. Kuhusu huyo jamaa sina la kusema.

Gathogo


Kabuchai, 7 Julai 2025

Gathogo wangu,

Hii kitu ni malaika. Niliachilia stiki ikasimama hewani, upepo ukapiga ikakataa. Nimeona bati yetu kutoka juu kwa mara ya kwanza maishani, iko na kutu upande wa mashariki kama ramani. Nilimwonyesha mama. Alisema tu, "Hiyo mlio naijua," akaenda ndani. Sasa narushia mbali.

Iko na tabia moja mbaya lakini. Niliinulia kwa boma ya Judy, halafu nikatembea nayo mpaka kule chini mtoni, naiongoza tu kama mbwa. Betri ikaanza kulia. Mara ikapanda juu yenyewe, ikageuka, ikaniacha hapo. Mimi navuta stiki, naiita, yeye anaenda. Nilikimbia kupanda mlima nikapata imetua kwa mahindi ya Judy imeanikwa kwa turubai, Judy amebeba mwiko tayari kuiua. Mimi nilikuwa mtoni, ingerudi kwangu. Ni kiziwi?

Na nimepata siku. Sifuna anapeleka mahari tarehe kumi na sita mwezi ujao, Jumamosi, kwa kina Nabwile, msichana anataka kuoa, pale Mabanga. Ng'ombe, wazee, tenti, kila kitu. Anajigamba kila mahali ati atajipiga video mwenyewe na droni ng'ombe wakiingia. Judy ameitwa kupika na nitaenda na yeye. Bado sijui ni nini itamharibikia. Lakini nitakuwa hapo na kamera.

Nakhumicha


Kitale, 12 Julai 2025

Nakhumicha,

Si kiziwi, inasikia sana. Inafuata tu kile ilifundishwa. Ikiwashwa, inashika alama ya pale imekaa, inasema hapa ndiyo nyumbani. Betri ikikaribia kuisha, ama ikipoteza rimoti, inarudi hapo. Wewe unaweza kuwa umehamia Uganda, haijali. Nyumbani kwake ni pale iliinukia, si pale uko.

Kuna mahali kwa app ya kubadilisha, lakini watu hawabadilishi. Hata wale wanajiita maprofesheno. Wanakumbuka wakati wameshachelewa, na wakiona inaenda wanakimbia nyuma yake badala ya kubonyeza kitufe kimoja tu cha kuikataza.

Weka pia kimo cha kurudi kiwe juu kuliko ile miti yenu mirefu, la sivyo itarudi nyumbani kupitia kwa mti.

Gathogo


Kabuchai, 24 Julai 2025

Gathogo,

Jana soko ya Chwele nilimpata Sifuna amesimama kwa watu anafungua kasha ya droni yake. Ndani ya kifuniko kuna karatasi imebandikwa. Hiyo mwandiko naijua kuliko yangu. Imeandikwa usiiwashe karibu na mabati, na chini jina lako. Akasema yeye fundi wake ni wa Kitale, mkono wa dhahabu, hakuna kitu anamficha.

Hakuna kitu anakuficha. Na wewe unamficha nini?

Nilikuambia juu ya mama. Nilikuambia mpaka juu ya gaguro. Ukanijibu ati huna la kusema, na mkono huo huo unamwekea huyo mtu mashine sawa. Ulimwambia? Nikifika Mabanga nitampata ananingoja akicheka?

Propela zako za akiba hizi hapa. Sitaki kitu yako.

Nakhumicha wa Mama Sarakasi


Kitale, 29 Julai 2025

Nakhumicha,

Soma yote kabla hujachoma.

Ndiyo, Sifuna ni kastoma wangu, tangu mwaka jana. Sijamwambia kitu. Ulipoandika jina lake droni yake ilikuwa kwa meza yangu, imefunguliwa, screw zote ziko kwa kifuniko ya soda. Nilinyamaza juu nilijua ukijua utaniuliza nilegeze moja. Na vile nilikuwa nimekasirika ningelegeza. Sasa fikiria. Kitu kinaanguka kutoka juu hakiulizi kichwa ni cha nani. Ningekuwa nimemwua mtoto wa mtu pale kwa tenti kwa sababu ya Sifuna. Kwa hivyo nikafunga screw zote, nikaandika ile karatasi naandikiaga kila mtu, nikampea.

Hiyo clip niliiona kabla ya barua yako. Alinionyesha akiwa anangoja nimalize. Sikujua ni mamako. Alirudia mara mingi, akawa anaangalia mimi kama nacheka.

Sasa hii ni ile nilimwambia yeye, mbele ya wateja, kwa hivyo si siri na hata wewe nakuambia. Betri yake imefura. Ukiiweka kwa meza inabembea kama mandazi. Itasema imejaa, halafu ikiwa juu itaporomoka ghafla, na droni itaanza safari ya nyumbani mapema bila kumwuliza. Nilimwambia anunue ingine. Akanicheka ati fundi wa Kitale anatafutia watu gharama. Nikamwambia tena. Akasema yeye amerusha kabla mimi sijui droni ni nini.

Mimi nimemaliza. Propela zako nazirudisha, usiwe mjinga.

Gathogo


Kabuchai, 6 Agosti 2025

Gathogo,

Nilisoma nikiwa na kiberiti mkononi. Nimekiweka chini.

Nilikosa kukuuliza kwanza. Hiyo ndiyo pole nitakupea, sina ingine.

Sasa wewe si wa huku kwetu kwa hivyo wacha nikuelezee. Mtu wetu akienda kuoa, kuna mtu mmoja hawezi kukaribia, na huyo ni mama ya msichana. Hawasalimiani kwa mkono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwa kichaka mpaka mwenzake apite. Kumgusa mama mkwe ni mambo kubwa sana, hiyo siku inaharibika, wazee wanasimamisha kila kitu. Na siku ya mahari huyo mama anakaa wapi? Nyuma ya nyumba kwa jiko na wanawake. Mkwe hawezi weka hata kivuli huko.

Nimeenda kuona hiyo boma na Judy. Mbele kutakuwa na tenti zimejaa, nyaya za spika kila mahali, na mabati mapya ya nyumba yamewekwa chini hapo kando. Droni haiwezi inuka hapo, dira itakataa. Lakini nyuma ya jiko kuna uwanja mzuri, udongo imekanyagwa ikakuwa sawa kama meza. Sifuna hataenda huko, haruhusiwi. Atatuma Ian, huyu binamu yake wa kubeba mikoba, aiweke chini, na yeye ataiinua na rimoti akiwa mbele na wazee.

Mimi sitagusa kitu ya mtu. Nitafagia tu.

Nakhumicha


Kitale, 19 Agosti 2025

Nakhumicha,

Jana Sifuna alifungua mlango wangu kabla sijatoa hata kufuli ya dirisha. Amebeba droni kwa karatasi ya nailoni. Nimefungua mota moja nikapata manyoya ya kuku. Ingine imejaa mchuzi, vitunguu kabisa.

Nikamwuliza imeanguka wapi. Akasema ni upepo. Nikamwuliza upepo gani unapika. Akaniuliza kama droni inaweza kurogwa. Nikamwonyesha betri, imepasuka upande. Nikamwambia hiyo ndiyo mchawi, na nilimtajia jina yake mbele ya watu. Akakaa chini kwa kile kiti cha wateja, akashika kichwa. Ati mambo yake imesimama. Ati mpaka wazee wakae tena. Akauliza kama kwa ndani droni inaandika pale iliinukia, nikamwambia inaandika kila kitu. Hiyo akaiacha hapo.

Nilijifanya natafuta screw chini ya meza ndiyo asione uso wangu.

Halafu akauliza kama najua mtu mwingine ako na droni pande za Bungoma, ndogo, ya kijivu. Nikamwambia watu wengi wananunua siku hizi.

Niambie yote. Hii ni mara yangu ya kwanza kukasirikia katoni kwa kuchelewa.

Gathogo


Kabuchai, 23 Agosti 2025

Gathogo,

Nimechelewa juu kulikuwa na kazi. Kaa chini.

Nilifika Mabanga mapema na Judy, nikachukua ufagio nikafagia hapo nyuma mpaka ikang'aa. Wanawake wakanisifu ati nitapata bwana mzuri. Wageni wakafika. Sifuna kwa suti ya bluu, miwani, rimoti imening'inia shingoni kama medali. Akajaribu kuinulia mbele, droni ikapepesa taa nyekundu ikakataa, vile nilijua. Ian akazunguka nyuma akiitafutia pahali. Mimi niko hapo naosha sufuria. Nikamwambia, "Weka hapa, nimefagia." Maneno yangu yote ya siku hiyo ni hayo.

Ikainuka vizuri. Ng'ombe wakaingia, vigelegele, Sifuna ameangalia juu mdomo wazi. Nikaenda kwa migomba nikainua yangu, hakuna mtu alishtuka, walidhani ni mambo ya Sifuna. Nikaipeleka juu kabisa nikaisimamisha, nikangoja.

Ng'ombe hawajaisha kuingia, yake ikaanza kulia. Niliisikia kutoka kwa migomba. Ikageuka, ikavuka paa la nyumba, ikaenda kwao. Sasa hapo Ian aliiweka, wanawake walikuwa wameshatoa sufuria kubwa ya kuku kwa moto wakaiweka, si pamefagiwa? Ikashuka mpaka ndani ya mchuzi. Majivu ikapanda, leso zikaruka, wanawake wakatawanyika wakipiga kelele. Na Sifuna alisahau yeye ni nani hiyo siku. Alisahau kitufe, akasahau wazee. Alikimbia akizunguka nyumba na hiyo suti, akiita droni yake kama mtu anaita mtoto. Kwa kona ya jiko akagonga mama ya Nabwile na kifua. Wakaanguka wote wawili, yeye juu, miguu imeshikana kwa leso. Mama huyo anajaribu kuinuka, leso inabaki chini ya goti ya Sifuna. Wote walikuwa hapo. Mpaka wazee wa kwao.

Hakuna mtu alicheka. Hiyo ndiyo ilikuwa tamu sana kwangu. Mzee mmoja alivua kofia akasema ng'ombe wageuzwe. Wakageuzwa. Hakuna neno lingine mpaka kondoo wa kusafisha hayo aletwe na wazee wakae. Nabwile alijifungia nyumbani.

Na mimi niko nayo yote. Uso wake wote, Gathogo. Macho, meno, miwani ikining'inia kwa sikio moja. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikatafuta muziki. Nikaandika hata jina, Mkwe Sarakasi. Nilitaka mama aone kabla ya mtu yeyote.

Aliangalia akiwa amesimama. Alisema, "Rudisha." Nikarudisha. Akakaa, akaangalia tena. Mimi namwangalia yeye, nangoja acheke, nimeuza ng'ombe kwa ajili ya hiyo kicheko. Akasema, "Zima muziki." Nikazima. Mara ya tatu nikaona haangalii Sifuna. Ameweka kidole kwa kioo, pale mama ya Nabwile anavuta leso na haitoki.

Akaniuliza, "Huyu alikukosea nini?"

Nilikuwa nimemwona pale siku nzima, alinipea chai na mkono wake, na sikuwa nimemfikiria hata mara moja.

Mama akasema, "Mkate atoke. Asionekane hata kidole."

Nikamwuliza na Sifuna?

"Sifuna umwache."

Kumkata mtu kwa video na kubakisha mwenye amemlalia si kazi ya mchezo, ndiyo maana nimechelewa. Nimejifunza usiku na mchana kwa simu ya Judy. Nimevuta picha karibu, nimepunguza kando, nimetoa pale mwanzo na pale mwisho, mpaka imebaki Sifuna peke yake anakimbia, anaruka, anaanguka kwa majivu akikumbatia hewa. Hata ni mbaya zaidi hivyo. Nilikuwa na furaha, nikamwambia mama sasa naweka kwa watu.

Akasema hapana.

Tuligombana, nisikudanganye. Nilimwambia mtamba wa Kukhu sikuuza ndiyo nikae na video kwa mfuko. Nilimwambia Sifuna hakumhurumia. Aliningoja mpaka nikaishiwa maneno. Halafu akaleta simu yake, ile amezima tangu matanga, akaniambia niiweke hiyo video ndani. Akaniambia nimtafutie namba ya Sifuna.

"Mtumie peke yake," akasema. "Itoke kwa laini yangu, aone jina. Usiandike kitu. Mimi nimekaa miezi yote hii nikijiuliza ni nani ameona. Wacha na yeye akae akijiuliza ni nani ataona."

Nikatuma. Tuliangalia zile alama za kuonyesha amefungua zikabadilika rangi. Ugali ilikuwa mezani. Simu ikalia papo hapo, Sifuna, jina lake likijaza kioo kizima. Mama aliitazama ikilia mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akasogeza sahani yake, akaniambia nimwongezee mboga.

Amepiga kila siku tangu hapo. Leo asubuhi ilianza kulia akiwa anafunga kitambaa kwenda mazoezi ya kwaya. Akaitia kwa mkoba ikilia hivyo hivyo, akatoka nayo.

Nakhumicha